Nati Nne kwenye Mkoba

Ujumbe uliingia saa moja kasorobo asubuhi, Veneranda akiwa amesimama mbele ya jiko la wifi yake, akikoroga uji ambao hakuwa na hamu nao.

"Nyabo wangu, ratiba imebadilika. Jonas atanivutia nyumba saa mbili na nusu, si saa tano, mchana anaingia zamu. Usihangaike kuja bandani. Panda basi, tukutane kule ziwani tulikokodi nafasi. Leo tunalala kwetu."

Aliusoma, akausoma tena, hata lile neno nyabo, bibie kwa Kiganda. Mwiko ukamponyoka, ukazama kwenye sufuria mpaka mpini.

"Mawe! Uji wangu umekukosea nini?" Clementina alimaka kwa Kihaya kutoka mezani. "Ni yule Mganda wako tena?"

"Ana jina, wifi."

"Ana jina, hana kiwanja. Mimi nilijua mtu akitaka kukuoa anakuonyesha ukuta. Huyu kakuonyesha matairi! Mjane wa kaka yangu akalale kwenye husvagn kama mtalii wa Kijerumani. Nimwambie nini mama kule Kamachumu? Kwamba akitaka kumtembelea mkwewe aulize kwanza yuko barabara gani leo?"

Husvagn ndilo jina la Waswidi kwa ile nyumba ndogo inayokokotwa nyuma ya gari. Clementina alilitamka kama anatema kokwa la limau. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu Deo. Alikuja Stockholm kusomea kazi ya maabara, akaajiriwa, akapata nyumba hapa Vällingby, na Deo alipofariki alimchukua mjane wake akamwambia, chumba cha nyuma ni chako. Kwa miaka saba hakuwahi kumsimanga kwa chakula. Kwa habari ya Aaron Mukasa alimsimanga asubuhi na jioni.

Siku nyingine Veneranda angejibu. Leo alikuwa tayari ukumbini, anavaa koti. Alipounyakua mkoba wake kutoka kwenye kigingi, kitu kizito kiligongana ndani.

"Mkoba wako una nini, mbona unalia kama kengele ya ng'ombe?"

"Funguo, wifi."

"Funguo! Za nyumba ipi, isiyo na mlango?"

Mlango wa Clementina ulijifunga nyuma yake, naye alikuwa keshashuka ngazi mbili mbili.

Hazikuwa funguo. Zilikuwa nati nne za gurudumu la kushoto la nyumba ile.

Kwenye treni ya chini ya ardhi alimpigia Aaron. Simu iliita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Alipobadilisha treni mjini na kupanda ile ya Södertälje alikuwa amepiga mara tisa. Akaandika: "Nisubiri, nakuja." Akautazama ujumbe ule, akaona aibu. Hata sasa alikuwa anajificha. Treni ilipita vituo viwili, watu wakashuka, watu wakapanda, naye bado amekodolea macho kioo cha simu. Kwenye kituo cha tatu aliandika ukweli, na kila herufi ilimchoma: "Usiondoke. Gurudumu la kushoto lina nati moja tu. Usiondoke, Aaron, nakuomba kwa Mungu."

Ujumbe ulikwenda. Haukusomwa.

Nje, misitu ilipita, mibichi kwa mvua ya Oktoba. Treni hakuwahi kuiogopa. Treni ina reli yake, haiwezi kuamua kuingia mitini. Gari ndilo alilokuwa hajaliingia tangu ajali iliyomuua Deo. Alikwenda kazini kwa treni, sokoni kwa miguu, na mtu akimwalika mahali pasipo na kituo alisema ana homa. Aaron alimchumbia mwaka mzima bila kulitambua hilo. Alidhani ni mwanamke anayependa kutembea.

Nyumba ile waliinunua mwezi wa Mei, chakavu, ina umri wa kumzidi Kevina, dada yake Aaron. Walikodi banda nje ya Södertälje, wakaing'oa magurudumu, wakaikalisha juu ya matofali, wakaanza kuitoa matumbo. Walitoa magodoro yaliyonuka unyevu. Walitoa makabati, jiko la gesi lililokufa, mapazia ya rangi ya karoti. Walibandua karatasi za ukutani, na nyuma yake wakakuta ukungu mweusi. Wakaondoa ubao, wakaondoa pamba ya kuzuia baridi iliyolowa, mpaka likabaki gamba la bati na mbavu za mbao. Sakafu karibu na mlango ilikuwa laini kama mkate uliodondokea kwenye chai. Veneranda, ambaye kazi yake ni kuwahudumia wazee na hawezi kuona uchafu akanyamaza, alisugua kila kitu kilichobaki kwa brashi na sabuni, hata mahali ambapo pangefunikwa kesho yake.

"Nyabo, hapo hapataonekana," Aaron alikuwa akimwambia.

"Mimi nitajua."

Siku moja, ndani ya kabati la nguo, walikuta mistari ya penseli kwenye ubao: kimo cha mtoto fulani, kila kiangazi, na tarehe zake. Veneranda aliukamata ubao autupe. Aaron akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkubwa, una vumbi la mbao, na haukubana.

"Huu tusiutupe," alisema. "Hawa walifurahi humu. Tusiwafute."

Aliukata ubao ule kwa uangalifu, akaupigilia skrubu kando ya mlango mpya. Kisha akageuka akamtazama, na Veneranda, mwanamke wa miaka arobaini na sita, alihisi uso unamwaka kama binti wa shule. Siku ile alijua kwamba amekwisha.

Kiangazi chote hakuogopa. Nyumba juu ya matofali ni nyumba. Woga ulikuja Alhamisi, Aaron alipoyarudisha magurudumu.

Aaron alifanya kazi pamoja na Jonas kwenye kiwanda cha malori, kitengo cha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kukaza nati, kisha kuchora mstari wa njano kwa kalamu nene, mstari unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma cha gurudumu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na kila mwenye macho anaona. Mstari ukikatika, gari halitoki. Alimfundisha Veneranda yote hayo kwa fahari, na akamfundisha kufungua nati iliyogoma. "Usitumie mkono, nyabo. Panda juu ya spana. Tumia uzito."

Ijumaa alasiri, Aaron alipokwenda kurudisha msumeno wa kukodi, Veneranda alipanda juu ya spana. Akatumia uzito.

Nne zilitoka. Ya tano ilikuwa imelegea nusu aliposikia gari la Kevina linaingia uwanjani. Alirudisha kifuniko cha gurudumu haraka na kuzificha nne mkobani. Aliwaza: kesho saa tano nitakuwepo. Aaron atafungua kifuniko kama kawaida yake, atakuta nati hazipo, safari itaahirishwa, na mimi nitapata siku mbili tatu za kutafuta maneno. Jana ule ulionekana mpango wa mtu mwenye akili timamu.

Lakini Aaron alikuwa ameshakagua Alhamisi. Na leo alikuwa na haraka.

*

Kutoka kituoni hadi bandani ni mwendo wa dakika ishirini. Veneranda alikimbia, viatu vikimezwa na majani yaliyooza, mkoba ukimgonga nyongani: nati, nati, nati.

Banda lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na kitu ila matofali manne, na Kevina akifagia vumbi la mbao.

"Banange! Dada Vene, mbona uko jasho tupu? Wameshaenda, robo saa hivi." Kevina alicheka. "Na huyo ndugu yangu ameacha simu kwenye chaji, inalia tu kama mtoto. Nikasema, huyo si ni bibi harusi?"

Simu ya Aaron ilikuwa kwenye rafu, inawaka. Ujumbe wake ulikuwa juu kabisa ya kioo.

"Mpigie Jonas," Veneranda alisema. Sauti haikuwa yake.

"Jonas hashikangi simu akiendesha, ana watoto wake ndani. Kuna nini?"

"Watoto gani?"

"Wasichana wake wawili. Walitaka kuona nyumba ikitembea. Dada, keti, utaanguka."

"Gurudumu la kushoto lina nati moja, na hiyo moja imelegea."

"Nani kasema?"

"Mimi ndiye niliyezitoa."

Ufagio ulisimama. Kevina alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Wewe? Kwa nini, Veneranda?" Neno dada lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Nitakueleza njiani. Una gari?"

"Lipo nje. Lakini huko ziwani sijawahi kufika, njia siijui."

"Naijua mimi. Nimepita na basi."

Basi na lenyewe alilipanda mara moja tu, macho ameyafumba nusu ya safari. Sasa alisimama mbele ya mlango wa gari dogo jekundu la Kevina. Aliona kiti cha mbele, mkanda, kioo kilichotapakaa matone ya mvua. Kiti kilekile. Upande uleule.

"Ingia!" Kevina alipiga kelele, injini inanguruma.

Veneranda aliingia kama mtu anayeingia maji ya baridi, mguu mmoja, kisha mwingine. Mkanda ulimkatalia mara mbili. Gari liliporuka kutoka uwanjani alishika kishikizo cha mlango kwa mikono yote miwili, na kelele iliyomtoka ilikuwa ndogo, kama ya paka.

"Nikimbize?" Kevina aliuliza.

Hapo ndipo neno lilipomrudia. Miaka saba iliyopita, wakichelewa komunyo ya mtoto wa rafiki, Veneranda alimwambia mumewe, "Ongeza mwendo, Deo, tutakuta watu wametoka kanisani." Deo akaongeza. Barafu ilikuwa kwenye kona ya tatu. Neno lile hakuwahi kumwambia padri, wala Clementina aliyempa chumba cha nyuma, wala mtu yeyote.

Na sasa alitaka kulisema tena. Nafsi yake yote ilitaka kupiga kelele: ongeza, ongeza!

"Hapana," alisema, meno yakigongana. "Nenda taratibu. Ukiwaona, piga honi."

Njia ya changarawe ilipinda msituni. Kila kona Veneranda aliliona lile gamba jeupe limelala ubavu, na kila kona ilikuwa miti tu. Kona ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu alifumba macho.

"Wale pale," Kevina alisema.

Alifumbua macho. Pale changarawe inapokutana na barabara kubwa ya lami, nyumba ilikuwa imesimama kando, taa za hatari za gari la Jonas zikiwaka na kuzimika. Wasichana wawili walikuwa wamekaa juu ya gogo, wamevaa makoti ya mvua, wanakula ndizi. Jonas alisimama mikono kiunoni. Aaron alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, amewapa mgongo.

Wazima. Wote wazima.

Alishuka, akatembea mpaka hatua tatu nyuma ya mgongo ule mpana. Aaron ndiye aliyeanza, bila kugeuka.

"Nyabo. Nati zangu ziko wapi?"

"Umejuaje ni mimi?"

"Mwizi angechukua gurudumu zima. Na hakuna mwizi anayekipangusa kifuniko matope kabla ya kukirudisha." Aligeuka. Uso wake, ambao siku zote ulikuwa na kicheko karibu, ulikuwa wa kijivu. "Kiwandani kwetu gari likitoka halifiki getini kabla mtu hajaligusa magurudumu tena. Ni mazoea tu. Nimemwambia Jonas, simama kidogo kabla ya lami. Mazoea, Veneranda! Kama si hayo, kule kwenye lami watu wanakwenda tisini."

"Mimi nilidhani nimekuja kuvuta nyumba," Jonas alisema, "kumbe nimekuja kuvuta kesi."

Hakuna aliyecheka. Jonas akaona vema kwenda kukaa na wanawe.

"Ungeniambia," Aaron alisema. Sauti ilishuka, na kushuka kwake kulimtisha Veneranda kuliko kelele. "Ungeniambia tu kwamba unaona aibu. Wifi yako kasema mimi sina kiwanja, nawe ukaona heri nyumba ivunjike kuliko watu wakuone ndani yake. Mimi ni mtu mzima, ningeelewa."

"Si aibu."

"Ni nini basi?"

"Ni woga."

"Woga wa nini? Wa kuishi na mimi?"

"Wa hilo," alisema, akinyoosha kidole kwenye gurudumu. Kisha maneno yakaanza kutoka, bila mpangilio, kama vitu vilivyotolewa kabatini na kurundikwa uani. Kona ya tatu. Barafu. Komunyo. Kwamba Deo alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote, na kwamba yeye, mkewe, ndiye aliyesema ongeza mwendo. "Nilimwua kwa maneno mawili, Aaron. Na Alhamisi ulipofunga magurudumu ukaniambia kwa furaha, sasa nyumba yetu inaweza kwenda popote, mimi nilichoona ni wewe umelala kwenye usukani. Nikataka isitembee. Nilichotaka ni hicho tu, isitembee."

"Clementina anajua hilo la mwendo?"

"Hajui."

"Miaka saba unakula mezani kwake, hajui."

"Nitamwambia. Hata akinifukuza."

Aaron aliinua mkono wa kulia mbele ya uso wake. Mkono ule mkubwa ulikuwa unatetemeka.

"Tazama," alisema. "Miaka kumi na minane nakaza nati, haujawahi kufanya hivi. Wasichana wa Jonas walikuwa kiti cha nyuma. Mdogo alikuwa ananiimbia."

Veneranda aliwatazama watoto. Mdogo alimpungia ganda la ndizi. Alitamani kulia, akajizuia. Aliona kulia sasa kungekuwa kuomba kitu. Alifungua mkoba, akazitoa nati moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kifuniko kilichokuwa chini.

"Hizi hapa zote. Zifunge, mwende. Mimi nitarudi na treni. Sistahili kulala humo."

"Sijakuuliza unastahili nini."

Aaron alipandisha nyumba kwa jeki, akalikalisha gurudumu vizuri. Kisha akamnyooshea spana.

"Wewe ulizifungua. Zifunge wewe."

"Mimi? Baada ya haya?"

"Unajua namna. Nimekufundisha mwenyewe, na nimejuta."

Lilikuwa neno kali, lakini pembeni mwa mdomo wake kitu kilisogea, kidogo sana. Veneranda alipiga magoti kwenye changarawe. Alifunga ya juu, akaruka akafunga ya chini, akaruka tena, kwa mpango wa nyota kama alivyofundishwa, gurudumu likae sawa. Mwisho Aaron aliishusha nyumba, akampa spana ya kupimia, ile inayolia ikifika kiwango chake. Tak. Tak. Mara tano. Kila mlio alimtazama, na kila mara Aaron aliitikia kwa kichwa.

Kisha akatoa kalamu ya njano mfukoni. Akaifungua, akampa.

Veneranda aliinama juu ya nati. Mistari minne ilitoka vizuri, wa tano ukapinda kama mkia wa mjusi.

"Umepinda," alisema.

"Acha upinde. Mradi unautambua." Aaron alisimama, akajipangusa magoti. Sasa alimkazia macho kwa mara ya kwanza tangu afike, na macho yake hayakuwa na hasira peke yake. Yalikuwa ya mtu anayengoja jibu na hajui kama ataliweza. "Kituo cha treni kiko kule. Ziwa liko huku. Sitakuvuta mkono, nyabo. Na kama leo huwezi, sema huwezi. Usiniambie kwa nati."

Lori lilipita barabarani, likawarushia upepo na maji. Veneranda aliruka. Hofu ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata chembe. Alishangaa tu kwamba ameweza kuisema na Aaron bado amesimama hapo.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini tusimame."

"Wapi?"

"Kila kilomita. Nishuke niangalie."

"Kila kilomita!" Jonas alipayuka kutoka kwenye gogo. "Ni kilomita kumi na mbili! Mimi nina zamu leo, jamani!"

"Umemsikia," Aaron alisema. "Kila kilomita."

Wasichana walipanda gari la Kevina, aliyesema atafuata nyuma na taa zake, akiongeza kwamba wifi wa namna hii hajawahi kumsikia hata Kampala. Veneranda aliketi nyuma ya Jonas, Aaron pembeni yake. Gari lilipoanza kuvuta, alisikia nyumba yao inaguna nyuma, ikafuata. Alifumba macho, akahesabu pumzi. Aaron hakumgusa. Aliuweka mkono wake kwenye kiti, katikati yao, kiganja juu, na kuuacha hapo.

Walikwenda kama maiti inasindikizwa. Magari yalipanga foleni, mengine yakapiga honi. Kwenye kilomita ya kwanza Jonas aliegesha kando, akihema kama aliyekokota nyumba kwa mabega.

Veneranda alishuka kwenye mvua. Alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto, akapitisha kidole juu ya mistari, mmoja mmoja, mpaka ule wa tano, uliopinda. Alipoinua kichwa, Aaron alikuwa ameteremsha kioo, mvua inampiga usoni, naye hakujali.

"Vipi?" aliuliza, na Veneranda akatambua kwamba mwanamume yule naye alikuwa anaogopa.

"Uko palepale."

Aaron alimfungulia mlango kwa ndani.

"Basi ingia, nyabo. Zimebaki kumi na moja."